Koti la Mvua na Haki ya Kuikumbuka Kale

Kupenda vitu vya kale ni tabia ya watu wote, lakini si kila apendaye hujua apendacho. Jambo hili laweza kupimwa kwa kitu kidogo kama koti la mvua la plastiki, lile jepesi lenye kung'aa, lililokuwa likiuzwa katika maduka ya barabara kuu za miji. Huko London, Mary Quant alilifanya kuwa pambo mwaka 1963, na leo wako watu Ulaya wayatafutao makoti ya miaka ile kama watafutao johari. Kwa mkulima wa Afrika Mashariki koti hilo halikuwa pambo, lilikuwa stara.

Machochwe, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ni mahali pa wakulima na wafugaji, jirani na hifadhi kubwa ya wanyama. Mvua haimngoji mtu amalize kazi yake huko: ng'ombe hurudishwa zizini inanyesha, na palizi hufanywa udongo ungali tope. Kabla ya plastiki mtu alijikinga kwa ngozi, kwa jani la mgomba, au kwa gunia ambalo pembe yake moja iliingizwa katika nyingine, likawa kama kofia ndefu. Koti la plastiki, kwa aliyeweza kulinunua katika maduka ya miji kama Musoma na Tarime, lilikuwa neema. Halikuwa zito kama ngozi, wala halikunyonya maji kama gunia. Lilifutwa tope, likatundikwa kivulini lisikakamae; na lilipopasuka liliungwa kwa ncha ya kisu kilichotiwa moto.

Mzee alikumbukaye koti hilo husema kwamba vitu vya zamani vilidumu na watu wa zamani walijua kutunza. Neno hili lina kweli, lakini ni nusu ya kweli. Walitunza, naam, ila wengi walitunza kwa kuwa hawakuwa na jingine. Mwaka 1976 palikuwa na Operesheni Maduka, iliyokusudia kuitoa biashara ya vijijini mikononi mwa watu binafsi na kuitia katika maduka ya vijiji. Na kabla biashara ya nje haijaanza kulegezwa mwaka 1984, nchi ilipita katika miaka ya uhaba mkubwa wa bidhaa. Katika miaka hiyo kuunga kilichopasuka hakukuwa fadhila iliyochaguliwa, bali lazima isiyoepukika. Uhaba ni mwalimu wa uangalifu, lakini ni mwalimu mwenye fimbo nzito, na hapana mzazi mwema awatakiaye wajukuu wake mwalimu kama huyo.

Tena liko swali lililo zito zaidi. Mara nyingi koti nyumbani lilikuwa moja tu. Aliyelivaa alitangulia, nyuma yake alifuata mke mwenye mzigo wa kuni na gunia kichwani, na nyuma ya mke mtoto chini ya jani la mgomba. Mvua iliyowanyeshea ilikuwa moja, lakini hawakurudi nyumbani na kumbukumbu moja. Mwenye koti akumbuka sauti ya matone juu ya plastiki. Mtoto akumbuka baridi. Basi asemaye kwamba zamani palikuwa pema hapana budi aulizwe: pema kwa nani? Shauku isiyoweza kulivumilia swali hilo si kumbukumbu, ni kujipendelea.

Hata hivyo haifai kuitupa shauku yote pamoja na kosa lake. Plastiki ya makoti hayo, ambayo Waldo Semon alipata njia ya kuilainisha huko Marekani mwaka 1926, haiozi kama ngozi au jani. Ikifukiwa hukaa, ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa ikipambana na upotovu wa namna hiyo hiyo: kitu chenye umri mrefu kilikuwa kimepewa kazi ya saa moja. Aliyevaa koti moja kwa miaka mingi alikuwa, pasipo kujua, ametenda sawasawa na asili ya kitu chake. Kisichokufa upesi hakukitupa upesi. Hapo uhaba na hekima vilikutana njiani, na yafaa uhaba uachwe uende zake, hekima ikaribishwe nyumbani.

Kwa hiyo shauku ya kale ni halali kwa masharti mawili: imkumbuke aliyelowa, na igeuke kuwa kazi. Babu amfundishaye mjukuu wake kuziba, kukausha na kuhifadhi, na kumpisha mwenziwe chini ya stara iliyopo, amempa kilicho bora cha miaka ile. Akiishia kumwambia tu kwamba watoto wa siku hizi hawajui kutunza, amemwachia mvua na kubaki na koti.