Ridhaa ya Mwenye Njaa

Swali hili lina umri mkubwa kuliko viwanda: mtu akikubali kwa kinywa chake kufanya kazi kwa ujira mdogo, bila kutishwa wala kufungwa, je, aliyempa kazi hiyo amemdhulumu? Noonkopir, katika mji wa Kitengela, swali hilo huamka na watu kila alfajiri. Wengi waliopanga vyumba hapo huelekea Athi River, kwenye viwanda vya nguo vya EPZ (eneo maalumu la kuzalisha bidhaa za kuuza nje), au hushika njia ya mashamba ya maua ya upande wa Isinya. Hakuna anayewaburuta. Tena nje ya lango huwa kuna wengine wanaoingoja nafasi yao. Kwa macho ya mwanasheria huo ni mkataba baina ya watu wazima wawili, na kwa macho ya mchumi ni soko linalofanya kazi yake. Mimi nashikilia kwamba ridhaa ya namna hii ni ushahidi dhaifu wa haki. Anayechunguza unyonyaji kazini, na kampuni inayojiita endelevu, wote wawili wana deni la kuuliza jambo gumu zaidi: huyu aliyekubali angeweza kukataa?

Ridhaa haifai kudharauliwa, maana ndiyo mpaka wa kwanza kati ya mtumwa na mtu huru. Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaiita kazi ya kulazimishwa ile ambayo mtu anaifanya kwa kuogopa adhabu na ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza utumwa na kazi za lazima katika Kifungu cha 30, na katika Kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Lakini kati ya vifungu hivyo viwili kuna uwanja mpana. Njaa si adhabu iliyotangazwa na mtu. Kodi ya chumba na karo ya shule hazikutungwa na mwenye kiwanda ili kumtisha anayeshona. Mwajiri anaweza kusema kweli tupu kwamba hakumlazimisha yeyote, na bado faida yake yote ikawa imesimama juu ya ukweli kwamba mwenzake hana pa kwenda.

Dini ziliuona uwanja huo mapema. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, katika waraka wake kuhusu hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba anayekubali masharti magumu kwa sababu ya dhiki, au kwa kuhofia baya zaidi, ametendewa kwa nguvu na kwa dhuluma hata kama alikubali. Katika fikihi ya Kiislamu, kulikuwa na mjadala juu ya biashara ya mtu aliyebanwa na shida. Wapo wanazuoni waliosema kwamba mauzo yake yanasihi, ila ni karaha kuigeuza shida yake kuwa nafasi ya kujipatia kwa bei ya kutupa. Hapo maswali mawili yametenganishwa kwa makini: kama mkataba umesihi, na kama mkono wa anayefaidika ni safi. La kwanza halijibu la pili. Tena tazama amri za kale kuhusu malipo. Kumbukumbu la Torati inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, na sababu inayotolewa ni kwamba yeye ni maskini na moyo wake umeuelekea ujira huo. Mtume Muhammad alihimiza mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Katika mafundisho yote mawili umaskini wa mfanyakazi unauongeza wajibu wa mwajiri. Soko la leo linakwenda kinyume: kadiri mtu anavyozidi kuwa na shida, ndivyo anavyopatikana kwa bei nafuu.

Kwamba bei hufuata uwezo wa kukataa si nadharia tu. Historia ya pwani yetu inaonyesha hivyo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, serikali ya kikoloni na wenye mashamba walitarajia kwamba walioachwa huru wangebaki kuchuma karafuu na kupalilia minazi kwa mikataba. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya safari ya watu hao kutoka utumwani hadi kuishi katika mashamba ya wengine, ameeleza kilichotokea. Waliopata mahali pa kulima chakula chao waliweza kuchagua ni lini wafanye kazi ya ujira na kwa masharti gani, na mwenye shamba akalazimika kupatana nao. Kwa hiyo tofauti kati ya mchumaji aliyesikilizwa na aliyeamrishwa haikutokana na hati ya uhuru peke yake. Ilitokana na kipande cha ardhi chenye muhogo.

Kitengela yenyewe ina ushahidi wa aina hiyo, ingawa mara nyingi hutajwa kwa sababu nyingine. Kuanzia mwaka 2000, wafugaji wa Kimaasai wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walilipwa dola nne kwa ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua na waache njia wazi kwa nyumbu na pundamilia. Mpango huo husifiwa kama mfano wa uhifadhi endelevu, na ni haki yake kusifiwa. Ila tuulize kwa nini mfugaji alilipwa. Alilipwa kwa sababu alikuwa na hati, na angeweza kuuza au kujenga ua kesho yake. Hapana yake ilikuwa na uzito, basi ndiyo yake ikapata bei. Mpangaji wa Noonkopir hana cha kuzungushia ua. Kazi anayoweza kuizuia haionekani kwenye picha za angani za njia za wanyama, na yeye akiondoka asubuhi, nafasi yake imejazwa mchana. Eneo moja, neno moja la uendelevu, na malipo mawili yanayotofautiana kulingana na nani anaweza kugoma bila kulala njaa.

Utafiti kuhusu maua umelionyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Catherine Dolan, Maggie Opondo na Sally Smith walichunguza hali ya wafanyakazi wa maua nchini Kenya, wakati ambapo wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza kudai kanuni za maadili. Dolan pamoja na Stephanie Barrientos na Anne Tallontire walikwisha kuonyesha kwamba kanuni hizo huwafikia zaidi wafanyakazi wa kudumu, huku vibarua na wa msimu, ambao wengi ni wanawake, wakibaki pembeni. Mkaguzi anayefika kwa siku moja na karatasi yake ya maswali huona vyoo, mavazi ya kujikinga na dawa, na vitabu vya mishahara. Hamuoni aliyeachishwa mwezi uliopita. Wala haoni yale yasiyosemwa mbele ya msimamizi, hasa manyanyaso ya kijinsia. Ndiyo maana watafiti hao walipigania ukaguzi shirikishi, wenye muda na faragha ya kuwasikiliza wanawake. Kwa lugha ya hoja hii, walitaka kuwe na mahali ambapo hapana inaweza kutamkwa bila kulipiziwa.

Matokeo ya nchi jirani yalikuwa makali zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, London, walitoa ripoti juu ya vibarua katika maeneo ya kahawa, chai na maua nchini Uganda na Ethiopia. Waligundua kwamba mara nyingi ujira ulikuwa chini zaidi mahali penye wazalishaji wenye cheti cha biashara ya haki cha Fairtrade kuliko mahali pasipo nacho. Fairtrade walipinga, wakisema si haki kumlinganisha mkulima mdogo na shamba kubwa la kibiashara. Pingamizi hilo lina uzito wake. Lakini hata ukilikubali lote, kibarua wa mkulima mdogo bado ni mtu anayefanya kazi, na cheti kilichoahidi haki kwa mnywaji wa kahawa hakikuwa kimemhesabu. Miaka minne baadaye Genevieve LeBaron wa Chuo Kikuu cha Sheffield, baada ya kuwafikia zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa chai nchini India na wa kakao nchini Ghana, alieleza kwamba vyeti vilileta tofauti ndogo sana katika hali ya kazi. Pia alieleza kwamba unyonyaji ni sehemu ya mpango wa biashara wenyewe: bei ya mnunuzi inabana, na mzalishaji anapata nafuu yake mahali pekee panapobonyea, yaani kwa mfanyakazi. Hapo ndipo biashara endelevu nyingi hunyamaza. Hupima maji na kaboni, kwa sababu vitu hivyo havidai bei mpya ya oda. Mfanyakazi akipimwa sawasawa, matokeo yanamrudia mnunuzi mwenyewe na tarehe zake za kupakia mzigo.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu ni kwamba kazi duni ni afadhali kuliko kukosa kazi. Mchumi Joan Robinson wa Cambridge aliandika mwaka 1962 kwamba taabu ya kunyonywa ni ndogo kuliko taabu ya kukosa hata wa kukunyonya, na foleni ya langoni inamuunga mkono. Sipingi kwamba anayeingia ndani anapata nafuu. Mwanafalsafa Alan Wertheimer, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu unyonyaji, alionyesha kwamba mapatano yanaweza kuwanufaisha wote wawili na bado yakawa ya dhuluma, kwa sababu swali la haki ni jinsi faida ilivyogawanywa. Mwenye mashua anayemkuta mtu anazama akamdai nyumba yake ndipo amvushe amemwokoa kweli. Hakuna anayemsifu. Ukweli kwamba aliyevushwa alifanya hesabu nzuri hauisafishi bei aliyotozwa.

Hilo linajibu pia wale wanaosema kwamba kuitilia shaka ridhaa ya mfanyakazi ni kumdharau, kana kwamba hajui la kwake. Anajua vizuri sana. Mama anayechagua kushona suruali za jinzi kwa ajili ya soko la Marekani badala ya kufua nguo za watu kwa siku amepima mambo ambayo hakuna profesa aliyeyapima. Hukumu haimhusu yeye, inamhusu aliyepanga bei akijua mizani ilivyoinama. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mkisha kumnyonga mwonyesheni saini yake.

Pingamizi la mwisho ni la hofu: tukidai zaidi, wawekezaji watahama. Hofu hii ina msingi, kwa kuwa EPZ ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990 kwa ahadi ya miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni, na viwanda vya nguo vilitegemea mpango wa AGOA wa Marekani, wa kuingiza bidhaa huko bila ushuru, kuanzia mwaka 2000. Basi tuitazame Ethiopia, iliyoshinda mashindano ya ujira wa chini. Eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa mwaka 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliandika mwaka 2019 kwamba ujira wa kuanzia ulikuwa dola 26 kwa mwezi, na kwamba kwa wastani viwanda vilikuwa vikibadilisha wafanyakazi wao wote ndani ya mwaka mmoja. Wafanyakazi hao, wengi wao wasichana, waliweza kuacha kazi kwa sababu wengi walikuwa na kwao vijijini pa kurudi. Hapana yao ilikuwepo, nayo ikawagharimu wenye viwanda mafunzo, muda na ubora. Kisha mwanzoni mwa 2022 Ethiopia ikaondolewa katika AGOA kwa sababu ya vita vya Tigray, na ujira duni haukuiokoa. Kumbe unafuu wa mfanyakazi asiye na pa kwenda si msingi imara wa biashara. Ni mkopo uliochukuliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kama hoja hii ni sahihi, inabadilisha kinachopaswa kupimwa. Mtafiti asiishie kuuliza mfanyakazi analipwa kiasi gani na kama aliridhia. Aulize ni miezi mingapi anaweza kuishi akiacha kazi, na nini kiliwapata waliolalamika kabla yake. Aulize kama kibarua aliyekaa mwezi mfululizo amepata haki anazopewa na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, au mkataba wake hukatwa na kuanzishwa upya ili haki hizo zisimfikie. Kampuni isijiite endelevu hadi iweze kuonyesha chama cha wafanyakazi kilichowahi kuikatalia jambo na bado kikakaribishwa mezani. Mwanzoni mwa 2003, muda mfupi baada ya serikali mpya ya muungano wa NARC kuingia madarakani, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma. Wapo waliouita mgomo ule vurugu. Kwa kipimo ninachokitetea, siku zile zilisema kweli zaidi juu ya hali ya viwandani kuliko mikataba iliyotiwa saini kimya kimya miaka iliyotangulia, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza watu wengi waliona kwamba kukataa kunawezekana. Ridhaa ina maana pale tu ambapo kinyume chake kinaruhusiwa, na mwajiri anayetaka kuitaja kama ushahidi wa uadilifu wake ana kazi ya kufanya kwanza: kuhakikisha kwamba anayesema ndiyo angeweza kusema hapana na bado akala jioni ile.