Kodi ya Nyumba na Dhamana Yake

Tumeulizwa na mmoja katika wasomaji wetu, kijana wa Mombasa aliye kazini Nairobi, suali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, maana si yeye peke yake aliye nalo. Amejiwekea akiba, na ataka kununua nyumba ya kupangisha pande za Olympic, Kibera. Ameonyeshwa mbili. Ya kwanza ni safu ya vyumba kumi vya udongo na mabati, na bei yake aimudu kwa fedha zake mwenyewe. Ya pili ni nyumba ya mawe katika mtaa wa Olympic wenyewe, kuukuu, yataka kutengenezwa, na hiyo haipati ila kwa msaada wa benki. Atuuliza ni ipi iliyo salama zaidi kwa dini yake. Nafsi yake imeelekea ile ya kwanza, kwa kuwa haina mkopo, na pasipo mkopo hapana riba.

Twamshukuru kwa kuiogopa riba katika zama hizi ambazo wengi hawaiogopi. Lakini twaona amesimama penye mlango fedha zinapoingilia, akasahau kutazama mlango zinapotokea.

Kwanza tuwaeleze wasomaji wetu wa pwani mahali penyewe, maana wengi walisikia jina la Kibera wakadhani ni vibanda vitupu. Asili yake Kibra ni jina la Kinubi, maana yake msitu. Walikaa hapo askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo hilo, eka 4,197, kuwa ardhi ya jeshi. Baadaye juu ya ardhi hiyo hiyo ikajengwa mitaa ya nyumba za mawe: Ayany, Olympic, na mmoja uitwao, msicheke, Fort Jesus. Shule ya msingi ya Olympic ilipata kusifiwa nchi nzima kwa ushindi wake katika mitihani. Ukitoka kwenye nyumba hizo za mawe ukavuka njia, waingia kwenye mabati. Huko wengi wa wakaao ni wapangaji, na wengi wa wenye vyumba hawakai huko.

Sasa tuje kwenye dini. Wanavyuoni wa fiqhi wana kanuni waliyoitoa katika maneno ya Mtume (S.A.W.), kwamba faida ya kitu humfuata yule ambaye kikiharibika hasara ni yake. Kwa fahamu yetu, ubaya wa riba wajulikana vyema kwa kanuni hii. Mkopeshaji hula ziada yake kila mwezi, nyumba ikisimama au ikianguka, biashara ikienda au isiende. Faida ni yake, na hatari ni ya mwenziwe.

Basi na tuipime kwa kanuni hiyo hiyo ile safu ya vyumba kumi. Kila kimoja ni futi kumi kwa kumi, au kumi na mbili kwa kumi na mbili, na ndani yake mume, mke na watoto. Mpangaji hulipa mwanzo wa mwezi. Bati likivuja, hununua karatasi ya plastiki akatandaza mwenyewe. Choo kikijaa, wapangaji huchangishana. Maji hununua kwa mtungi. Moto ukiteketeza safu nzima, mpangaji hupoteza kitanda, nguo na vitabu vya watoto, na mwenye nyumba huleta mabati mapya akaanza kuhesabu kodi upya. Akichelewa kulipa, hung'olewa mlango au bati la juu ili atoke kwa aibu. Tumuulize ndugu yetu: mtu huyu ana tafauti gani na yule mkopeshaji aliyemkimbia?

Atasema, hii ni ijara, na ijara ni halali. Kweli ni halali. Lakini ijara ni kuuza manufaa ya kitu, na manufaa yasiyokuwapo hayauzwi. Vitabu vyetu vya fiqhi, ambavyo watoto wa madrasa huvisoma wakafaulu kisha wakavifunga, vimeeleza kwamba nyumba iliyobomoka hata haikaliki huvunja haki ya kodi, na kwamba matengenezo ambayo pasipo hayo nyumba haikaliki ni juu ya mwenye nyumba, si juu ya mpangaji. Paa ni katika hayo. Na choo, katika mji, twaona ni katika hayo pia, wala hatuoni njia ya kusema vinginevyo.

Wenye vyumba wana hoja, nayo si ya kudharauliwa. Husema: ardhi si yetu, vipi tujenge mawe mahali ambapo kesho tingatinga laweza kupita? Na hili limetukia. Mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje. Hata ile hati ya eka 288 waliyopewa ndugu zetu Wanubi mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, ni ya jamii nzima, si ya mtu mmoja mmoja, basi asijitokeze mtu akamuuzia kijana wetu kipande chake.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Sisi twazijua nyumba bila ardhi, mtu ana kuta na mwengine ana udongo, na wa kuta hulipa kodi ya ardhi. Lakini kwetu mwenye ardhi ajulikana na mapatano yapo. Huko kwenye mabati, mwenye ardhi aghlabu ni serikali, na kilichopo ni ruhusa ya mdomo ambayo yaweza kuondoka pamoja na aliyeitoa. Anunuaye hapo hununua mabati, miti na matumaini, na akilipa zaidi ya thamani ya mabati na miti, na ajue kwamba ziada hiyo ameilipia kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho. Huo ni gharari. Hatusemi kila mwenye chumba huko ni mla haramu. Wamo wajane na wazee ambao vyumba viwili ndivyo riziki yao. Twasema kwamba aliyenunua hatari kwa kupenda kwake aibebe mwenyewe. Asiigawe katika vyumba kumi akawadai wapangaji wamrudishie mali yake upesi kabla tingatinga halijafika. Kodi ya vyumba hivyo, ukiigawanya kwa futi zake, si nafuu kama idhaniwavyo. Mwishoni mwa mwaka 2001, katika mwezi wa Ramadhani, baada ya Rais Moi kusema kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walipigana, watu wakauawa na wengi wakakimbia. Siasa na ukabila vilichochea, hatukatai, lakini kuni zilikuwa zimekauka zamani.

Na ile nyumba ya mawe? Hapo lazima tuseme juu ya benki. Mwaka 2023 mikopo ya nyumba katika Kenya nzima ilikuwa karibu 30,000 tu, na mingi ni ya riba iliyo wazi. Tangu mwaka 2008 ziko benki zenye kufuata sharia: Gulf African, na First Community ambayo mwaka 2023 ilinunuliwa ikawa Premier. Njia yao moja ni ushirika unaopungua. Tuseme nyumba ni shilingi 6,000,000; kijana atoa 2,000,000 na benki 4,000,000. Benki inamiliki thuluthi mbili, naye hulipa kodi ya thuluthi mbili hizo, na kila muda hununua sehemu ndogo ya benki, kodi ikipungua kadiri milki yake inavyozidi, hata nyumba ikawa yake yote.

Njia hii ni njema, lakini jina la Kiarabu halihalalishi kitu. Na ausome mkataba, au asomewe, atafute jambo moja: nyumba ikiungua au ikitokea kesi ya hati, hasara ya thuluthi mbili ni ya nani? Kuta zikipasuka, ni nani atakayezitengeneza? Ikiwa mkataba wamtwisha yeye yote, na benki haina lake ila kupokea, basi aipime kwa ile kanuni na aurudishe mezani wabadilishe. Na hati ya ardhi atafutiwe katika ofisi ya ardhi na wakili wake yeye, si wakili wa muuzaji.

Jawabu letu basi ni kuwa ya mawe ndiyo bora, ikiwa mkataba utasalimika, ingawa ndiyo yenye benki. Na ikiwa hawezi kuisubiri, na achukue vyumba vichache zaidi ya kumi, na fedha zitakazobaki azitie katika choo, maji na paa kabla ya kupokea kodi ya kwanza.

Limebaki jambo la kutengeneza, ambalo hakutuuliza. Ndani ya nyumba ile kuukuu wamo watu sasa. Desturi ya wanunuzi wapya ni kuwatoa, kupaka rangi, kutia vigae, kisha kuzidisha kodi maradufu kwa mgeni. Huko Soweto East, baada ya serikali kujenga maghorofa kwa ajili ya wakazi wa mabati, baadhi yao waliyapangisha kwa wenye uwezo, wakarudi kwenye mabati. Twamshauri kijana wetu aanze na paa, mabomba na nyaya za umeme, rangi iwe ya mwisho. Awape wapangaji miezi ya kujitayarisha, awarudishie amana zao ijapokuwa alizipokea mwenye nyumba wa kwanza, kisha amdai yeye. Na kazi ikiisha, wapewe wao kwanza khiyari ya kurudi, kwa kodi watakayopatana, kabla chumba hakijaonyeshwa mtu mwengine.