"Mzamiaji" Naye Ana Jina



Septemba 2021, maelfu ya wahamiaji, wengi wao Wahaiti, walikusanyika chini ya daraja pale Del Rio, Texas. Dunia ikaona picha za askari wa mpakani juu ya farasi wakiwafukuza watu Weusi waliobeba chakula. Wengi walipandishwa ndege na kurudishwa Haiti bila hata ombi lao la hifadhi kusikilizwa.

Utasema, "Lakini si walivunja sheria?" Swali hilo tusilikwepe. Kanisa linakubali kwamba nchi inaweza kuweka masharti ya kuingia. Ila Katekisimu, namba 2241, inazidai pia nchi zenye uwezo zimpokee mgeni anayetafuta usalama na riziki. Serikali inaweza kukupa kibali au kukunyima. Utu wako je? Huo hukupewa na serikali, basi haiwezi kukunyang'anya.

Kwa hiyo anayemtetea asiye na makaratasi hasemi sheria zifutwe. Anachodai ni kwamba mtu asikilizwe, asitenganishwe na watoto wake, wala asisimamishwe njiani kwa sababu tu ya rangi yake. Kumbuka, hata Mtoto Yesu alikimbizwa usiku kwenda Misri.

Na sisi tuna ndugu waliozamia huko ng'ambo, tunawajua. Wiki hii ukisikia mtu anaitwa "mzamiaji", usicheke. Jiulize anaitwa nani, anamkimbia nani. Halafu msalie, na umsemee.