Utulivu wa Dawa

Mgeni wa Beni, mashariki mwa Kongo, akishtushwa na masasi, mwenyeji humwambia: tumezoea. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuenea mjini na kandokando, Boikene, Oicha, Eringeti, jibu hilo limekuwa kama salamu. Kama kauli ya ujasiri nalikubali. Kama maelezo, nina shaka nalo.

Kuzoea kwa kweli kuko hivi: panya akisikia kishindo cha ghafla huruka. Kikirudiwa bila kumdhuru, huacha kuruka, na hiyo ni akili: mwili hauna haja ya kupoteza nguvu kwa kelele tupu. Hata hofu aliyofunzwa kwa umeme hufifia, umeme ukikatwa naye akapewa muda wa kuona kwamba hakuna kinachofuata. Mwaka 1990 Mark Bouton na wenzake, huko Marekani, waliwapa panya dawa za kutuliza, diazepamu mojawapo, wakati hofu hiyo ikifutwa. Panya wakatulia. Baadaye walipopimwa bila dawa, hofu ilikuwa imerudi. Walichojifunza ndani ya dawa kilibaki ndani ya dawa.

Anayelala kwa tembe, au kwa pombe ya kasiksi ya jioni, analijua hilo bila maabara. Usiku wa kwanza akiikosa, kila anayebisha hodi ni muuaji.

Lakini panya wale walikatiwa umeme kweli. Sisi hatujakatiwa. Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mauaji yakaendelea. Mwili unaoacha kushtuka wakati kishindo bado kinaua haujajifunza kwamba hatari imekwisha. Umejifunza kwamba kushtuka hakusaidii. Kwa nje huwezi kutofautisha: mama anapanga makayabo yake sokoni, motari anangoja mteja.

Ndiyo maana siipendi ile sifa kwamba watu wa Beni ni wastahimilivu. (Hupendeza sana kwenye ripoti.) Anayeitoa amemtazama panya asiyeruka, hakuuliza nani ameshika swichi. Mwenye kasiksi yake simlaumu; amepata usingizi. Wanaonisumbua ni watoto waliozaliwa baada ya 2014. Mtu mzima aliyezoea anakumbuka alichokiacha. Wao hakuna walichoacha, na bado utulivu wao tunauhesabu pamoja na wetu.