Je, Jicho Lina Deni?

Wazee wetu husema ya kuwa macho hayana pazia. Maana yake, mtu hapaswi kulaumiwa kwa kile alichokiona, kwa kuwa jicho huona yote yaliyo mbele yake. Aibaye hupunguza mali ya mwenzake, naye apigaye humwumiza. Lakini atazamaye tu, amechukua nini? Swali hili laonekana kuwa dogo. Walakini liliniingia moyoni nilipokuwa mgeni katika misitu ya Minnesota, nchini Marekani, kwa ajili ya ndege mmoja mdogo. Napenda kuliweka mbele yenu, ndugu wasomaji, tulipime pamoja.

Ndege huyo huitwa chikadii, na jina hilo limetokana na mlio wake mwenyewe. Ana kofia nyeusi kichwani, koo jeusi na mashavu meupe, na uzito wake ni gramu 11 hivi. Ndege wengi wa huko huikimbia baridi wakaenda kusini, lakini yeye hubaki. Kabla ya theluji kuanguka huficha mbegu moja moja katika nyufa za magome ya miti, naye huweza kuzikumbuka mahali zilipo kwa muda wa majuma kadhaa. Usiku wa baridi kali hupunguza joto la mwili wake kwa nyuzi kama 10, ili akiba yake ndogo ya mafuta isiishe kabla ya mapambazuko. Kukicha huamka na njaa, na mchana wa Desemba ni wa saa 9 tu au pungufu.

Basi, hapa twaona neno la kwanza. Nikimkaribia na kamera yangu, huacha kula akanitazama. Nikizidi kumkaribia, huruka. Sikumgusa hata unyoya mmoja, lakini nimemchukulia sehemu ya mchana wake na nguvu zake. Kwangu dakika tano si kitu. Kwa maskini kibaba kimoja cha unga si kama kibaba kile kile katika ghala la tajiri. Yatupasa kuupima uzito wa jambo kwa mizani ya yule anayetozwa, wala si kwa mizani yetu sisi.

Neno la pili ni la mlio wake. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba chikadii amwonapo mwewe au bundi aliyetua, huita wenzake. Na kadiri adui alivyo wa hatari zaidi, ndivyo anavyozidi kuirudia ile silabi ya mwisho, dii, dii, dii. Bundi mdogo mwepesi humwogopesha kuliko bundi mkubwa mzito, kwa sababu mdogo aweza kumfukuza hata kati ya matawi. Na ndege wa aina nyingine wauelewa mwito huo, wakaja kusaidia kumsumbua adui. Sasa wako wapiga picha walioutia mlio huo katika chombo cha kurekodia sauti. Wakiucheza msituni, ndege hukusanyika kwa hofu, nao hupata picha wazitakazo. Je, hao wametazama tu? Wamesema uongo katika lugha ya ndege wenyewe, na wameita msaada mahali pasipo na adui. Sisi tukimwona mtoto apigaye yowe la moto usioko, twamrudi.

Neno la tatu ni langu mwenyewe, nami nalisema kwa haya. Mwezi wa Juni naliona kiota cha chikadii katika kisiki kilichooza. Mume na mke walikuwa wakipishana tunduni, wakileta viwavi kwa makinda. Mbele ya tundu palikuwa na kijiti chenye majani, nacho kiliniharibia picha. Nikaona: kijiti kimoja ni nini katika msitu mzima? Nikakivunja. Picha niliyoipata ni nzuri. Wale waionao huisifu hata leo.

Siku ya nne nikarudi. Kisiki kilikuwa kimepasuliwa, na kuvumwani pamoja na manyoya laini ya kiota vilitapakaa chini. Mwenyeji wangu, mtu aliyeijua misitu ile tangu utoto, akanifariji akisema kwamba rakuni hufanya hivyo kila mwaka, penye kijiti na pasipo kijiti. Yawezekana ni kweli. Lakini kabla ya kukivunja ningaliweza kusema, "Si mimi." Baada ya kukivunja sikuweza tena. Huo ndio mzigo niliotoka nao msituni, na hakuna mtu aliyenitwika ila mkono wangu.

Labda msomaji mmoja atanijibu: "Ndugu, wajitesa bure. Tangu mwaka 1970 ndege wa Marekani na Kanada wamepungua karibu bilioni 3, kama wataalamu walivyotangaza mwaka 2019. Waliowapunguza si wapiga picha. Tena, bila picha nani angaliwapenda?" Jibu hilo lina nguvu, wala silipuuzi. Mchoraji John James Audubon, aliyefariki mwaka 1851, alipotaka kuwachora ndege wa Amerika aliwaua kwanza, kisha akawasimamisha kwa nyaya. Hata mwisho wa karne ile palikuwa na desturi huko ya watu kugawanyika makundi wakati wa Krismasi na kushindana kuua ndege na wanyama. Mwaka 1900 Frank Chapman aliwashauri wahesabu ndege badala ya kuwaua. Watu 27 wakamsikia Krismasi ile, na hesabu hiyo hufanywa kila mwaka hata leo. Kuacha bunduki na kushika darubini ni hatua kubwa ya wema.

Lakini hatua njema haihalalishi kila kitu kinachoifuata. Yule aliyeacha kuua ili apate kutazama, asipojiangalia, aweza kuitamani picha kama alivyoitamani nyama. Wako waliotuonyesha njia nyingine. Richard na Cherry Kearton wa Uingereza, waliopiga picha za viota tangu mwaka 1892, walijificha ndani ya ng'ombe wa bandia, ili ndege waendelee na kazi zao bila hofu. Waliitoa raha yao wenyewe, ndege hawakutozwa. Nayo Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamwagiza mtu akutaye kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda. Hata penye ruhusa ya kuchukua, pamewekwa mpaka.

Basi, kwa maoni yangu, macho hayana pazia, lakini miguu ina breki na mkono una bwana wake. Kipimo ni hiki: mtazame ndege usoni. Akiendelea kula, kulisha na kuimba kana kwamba hupo, umetazama tu, wala huna deni. Akiacha kazi yake kwa ajili yako, umekwisha kuchukua, rudi nyuma. Na kijiti kilicho mbele ya kiota, kiache. Kama picha haipatikani ila kwa kukivunja, picha hiyo si yako.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Ndege wa ukoo wa chikadii wako hata katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mmoja wao ni mweusi mwenye tumbo jeupe. Nasi siku hizi wengi wetu twachukua kamera mfukoni, ndani ya simu. Tena hatupigi ndege tu, bali na wagonjwa kitandani, na wafiwa kaburini, na mtoto wa jirani aliyechafuka matope. Huko nako twasema, "Natazama tu." Kabla ya kusema hivyo, ndugu, tumwangalie kwanza yule tumtazamaye, kama ameacha kazi yake kwa ajili yetu.