Je, Kuuliza Yaliyofichika ni Kuyaridhia?

Ndugu zetu kadhaa wametuuliza: Yafaa mtu, tena mwanamke, kuchungua mambo ya faragha na kuwahoji wazinifu juu ya mwenendo wao? Si kueneza uchafu huko?

Kabla ya kujibu, natuangalie mfano ulio karibu. Nairobi alikuwako Bibi Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyefikia cheo cha profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2015. Ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980, aliwaendea wanawake wa Pumwani waliokuwa wakiuza miili yao. Aliketi nao, akawauliza, akawasikiliza, akawafunza kujikinga. Mwaka 1988 yeye na wenziwe wakatangaza katika jarida la matabibu, Lancet, kwamba mafunzo yale yamepunguza maambukizo.

Baadaye kazi ilifika Kibera, mtaa ulioasisiwa na Wanubi, Waislamu wenzetu, ambao Kisumu Ndogo ni kijiji chake kimojawapo. Huko, naye akiwa miongoni mwa watafiti, wanawake 466 waliingia katika majaribio ya dawa ya kumeza kila mwezi. Mwaka 2004 matokeo yakatangazwa: dawa ilipunguza maradhi mengine ya zinaa, lakini ukimwi haikuuzuia. Hawakuificha kweli kwa kuwa si ile waliyoitaraji. Hiyo ndiyo amana ya elimu.

Zinaa ni haramu. Haihalalishwi na umasikini wala na mpira. Wala si kila alilolifundisha bibi huyu tunalikubali. Lakini kuuliza si kuridhia. Tabibu akitazamaye kidonda hakukipenda. Wanawake wa Ansari walimwuliza Mtume (s.a.w.) mambo ya miili yao, na Bibi Aisha akawasifu kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza. Sheria imekataza kupeleleza aibu ya mtu ili afedheheke. Haikukataza kumwuliza mgonjwa ili apone, siri yake ikihifadhiwa. Haya ya kweli humzuia mtu na maasi. Imzuiayo na kumwokoa mwenziwe si haya, ni woga.

Basi tujiulize, enyi ndugu: mwanamke wa Kisumu Ndogo mwenye kodi ya chumba na watoto wa kulisha, ni nani aliyetangulia kumbishia hodi: mwenye zaka, au mwenye daftari la maswali? Ikiwa ni mwenye daftari, basi lawama si juu yake. Ni juu yetu.

Wallahu aalam.