Niulizeni Ningali Naongea

Wajukuu zangu, ninyi mlioko Songea, Mbeya na Dar, na wewe uliyebaki na mibuni hapa Mbinga, lipo jambo ambalo kwenye ukoo wetu husemwa kwa kunong'ona, tena likishachelewa. Moyo wa mgonjwa ukisimama hospitalini, asukumwe kifua au aachwe apumzike? Mimi nimestaafu uuguzi, na umri huu hauniruhusu kungoja, kwa hiyo nitalisema wazi.

Zamani swali hili halikutusumbua sana. Mtu alilazwa Litembo, au Liuli kama ni wa ziwani, akatibiwa kwa kilichokuwapo, siku yake ikifika akaenda. Siku hizi lami imeshuka mpaka Mbamba Bay, na mgonjwa hupandishwa Songea upesi. Zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, mwaka 2021, zilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi nchini. Tunashukuru. Ila mashine ikishakuwapo, lazima mtu aulizwe ni lini isiwashwe.

Msidanganywe na filamu. Kusukuma kifua ni kukandamiza mfupa wa katikati kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mbavu za mzee huvunjika, na anayesukuma huzisikia mikononi. Watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani waliieleza njia hii mwaka 1960, na faida yake kubwa ni kwa moyo uliosimama ghafla katika mwili ambao bado una nguvu. Mvuvi aliyeopolewa ziwani, mtoto aliyepigwa na radi, mama aliyezimika akijifungua: hao wapulizieni hewa, wasukumeni mpaka jasho liwatoke, wala msiitishe kikao. Mwili uliomalizwa na saratani, au figo zilizokufa kwa mzee wa miaka 90, ni habari nyingine. Hata kwenye hospitali za nchi tajiri, wanaosimama moyo wakiwa wodini na kutoka hai ni robo au pungufu. Kwa mwenye saratani iliyosambaa ni wachache mno, na wengine hurudi ubongo ukiwa umeshaharibika kwa kukosa hewa.

Basi daktari akiwaita pembeni na kusema haoni faida ya kumsukuma mzee wenu, hajasema anamtupa. Malaria itatibiwa, damu itaongezwa ikifaa, uji atanyweshwa akiweza kumeza, atageuzwa asipate vidonda vya mgongo. Maumivu ndiyo msiyavumilie kwa niaba yake. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa kule Uganda mwaka 1993, akaonyesha kwamba morfini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, inaweza kumtuliza mgonjwa akiwa kitandani kwake nyumbani. Iulizieni. Ulizeni pia kipi kinaendelea na kipi kinaachwa, na mhakikishe kimeandikwa kwenye faili, maana nesi wa zamu ya usiku hakuwapo mlipoongea mchana. Mkibadili mawazo kesho, semeni. Maandishi hayo si hukumu ya mahakama.

Wapo watakaosema kutomsukuma ni kuua. Sisi wa Jimbo la Mbinga tulio Wakatoliki hatuna sababu ya kuogopa: Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna anayelazimika kutumia njia zisizo za kawaida ili kuurefusha uhai. Kumchoma mtu sindano afe ni dhambi, na ni kosa la jinai. Kukubali kwamba amefika, sivyo.

Lakini si dini inayotufunga midomo. Kinachotufunga ni kwamba kwetu kifo hakikosi mshitakiwa. Mtoto atakayetamka "mwacheni baba" ataitwa aliyemla mzee ili arithi shamba la kahawa, na neno hilo litamfuata mpaka kwa wajukuu zake. Kwa hiyo kila mmoja anasema "fanyeni kila kitu", hata yule anayejua hakuna faida. Aliye Dar ndiye husema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa simu, kwa sababu hajamwogesha mgonjwa hata siku moja. Anadai rufaa ya Muhimbili. Kahawa inauzwa kwa magoma, yaani kwa bei ya kutupa ingali mtini, mzee anasafirishwa, kisha tunachangishana tena kumrudisha kwenye jeneza, zaidi ya kilomita 1,000.

Dawa ninayoijua ni moja. Mgonjwa mwenyewe aseme, mapema, mbele ya watu. Wamatengo tulikuwa na sengu: ukoo ulikula pamoja kwa mzee, na mambo magumu yakaamuliwa palepale, watoto wakisikia. Sengu za chakula zimekwisha nyumba nyingi, ila hakuna aliyetukataza kuziita kwa jambo kama hili. Mzee akisema mbele ya kaka zake, watoto na mkewe, atakayelifikisha neno hilo hospitalini anakuwa mjumbe tu. Nani atamshitaki mjumbe? Msitegemee wosia wa mali, huo husomwa baada ya mazishi. Na mke aliyelala sakafuni wodini wiki nzima msimpite mkamfuata baba mdogo kwa kuwa ni mwanamume. Yeye ndiye ajuaye mgonjwa alinong'ona nini saa nane za usiku.

Langu ni hili. Nikipata nimonia, nitibiwe. Nikianguka sokoni, sukumeni. Nikifika mahali nisiwajue tena, au daktari akiwaambia ugonjwa umeshaenea, msinisukume kifua wala msinipeleke Dar. Nipeni morfini na mnilaze dirisha likiwa wazi. Atakayesema kwa niaba yangu ni shangazi yenu, kwa kuwa halii ovyo. Krismasi mkija nitalirudia mbele ya wote, na paroko nimeshamwomba awepo. Babu yenu mdogo naye, mwenye figo mbovu, hajaulizwa na mtu. Muulizeni siku hiyohiyo, yeye mwenyewe, naye akisema anataka asukumwe, basi asukumwe.